Nilipeleka kesi ya sanduku la game Lodwar, wakadhani nazungumzia jeneza

Wakuu, ejok, yaani salamu kwa Kiturkana.

Humu mimi huwa nasoma tu na kuondoka. Leo naandika kwa sababu nina wasiwasi na sina mtu wa kumuuliza. Kazi yangu ilikuwa mashakani, na mtoto wangu bado yuko mashakani, kwa jambo ambalo hakuna ofisi inayosema ni lake.

Nitakayoandika ni yaliyotokea. Pale nilipokosea nitasema nilikosea. Majina ya ofisi na ya shule nimeyaacha, maana niliowakuta walikuwa watu wa kazi tu, hakuna aliyenifanyia ubaya.

Mimi ni mpishi wa shule moja hapa Kakuma. Masomo yangu yaliishia darasa la nane.

Mke wangu alifariki mwaka jana, tukamzika kwao upande wa Lorugum. Kichwa bado nakinyoa. Watu wameniambia sasa inatosha, lakini siku ya wembe ikifika mkono unaushika wenyewe.

Tuna watoto wawili. Mdogo yuko kwa bibi yake kulekule Lorugum. Mkubwa ni Akiru, msichana wa miaka kumi na tatu, naishi naye. Anasoma gredi ya saba palepale ninapopika.

Simu ya mama yake nilimwachia yeye. Aliiomba, na wakati ule sikuweza kumnyima kitu.

Sasa sikilizeni.

Muhula uliopita nilianza kuona mafuta ya kupikia yanapungua stoo kuliko ninavyoyatumia. Ufunguo wa stoo ninao mimi, nauvaa shingoni kwa kamba. Nauvua nikioga tu.

Wakuu, sikumshuku mtu. Nilijishuku mwenyewe. Tangu msiba nilikuwa nasahau sana. Niliwahi kutia chumvi mara mbili kwenye githeri, mahindi na maharagwe, ya shule nzima, watoto wakala wakinitazama. Kwa hiyo nikasema, labda namimina mafuta vibaya. Nikaanza kupima kwa kikombe. Bado yakapungua. Nikaogopa kwamba akili yangu inaondoka.

Kumbe akili ilikuwepo.

Siku moja nimeenda soko la kambi ya wakimbizi kununua vitunguu. Kuna mama mmoja Mkongomani anayekaanga mandazi, tunamwita Mama Furaha. Akanisimamisha kwa furaha kabisa.

"Baba Akiru, mafuta yako ni ya muzuri. Utaleta tena lini?"

Nikamwuliza, mafuta gani.

"Ile binti yako analetaka na chupa za soda. Anasema baba ndiye amemutuma." Halafu akaniangalia usoni. "Ee Yesu. Kumbe hukumutuma?"

Nilisahau vitunguu.

Akiru hakukataa. Alisema aliyatoa nikiwa naoga. Nilipomwuliza pesa amepeleka wapi, akasema, "Masanduku." Kwa nini? Hapo akanyamaza, na mimi sijui kumlazimisha mtu aseme.

Kwa wasiojua kama nilivyokuwa mimi: game yenyewe ni ya bure. Kuna mtu mdogo anakimbia na kuruka pamoja na watu wa watoto wengine, dunia nzima. Lakini ndani yake kuna sanduku. Unalilipia kwanza, halafu ndipo unajua lina nini. Unanunua code dukani, unaziingiza, sanduku linakuja. Akiru alikuwa anatafuta mbawa za kumvisha yule mtu wake. Wenzake wawili wanazo.

Nikamwambia anionyeshe. Alikuwa amebakiwa na sanduku moja.

Akaligusa. Likatikisika. Mwanga ukatoka pembeni, ukazima, ukatoka tena, kama kitu kinachotaka kukuambia jambo halafu kinaghairi.

Nitawaambia ukweli kama nilivyoahidi. Mimi mtu mzima, mwizi wa mafuta ya shule ameketi mbele yangu na ni mwanangu, nilishika pumzi nikisubiri mbawa.

Zikatoka soksi.

Na kabla sijakasirika, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni: ajaribu mara moja tena. Hapo ndipo niliogopa kweli. Kama mimi niliyeketi dakika mbili imenishika hivyo, je, mtoto?

Kesho yake nilienda kwa mwalimu mkuu kabla hajaniita. Nikamwambia aliyechukua mafuta ni binti yangu, kwa ufunguo wangu.

Akasema, "Mzee, kama usingesema nisingejua. Lakini sasa umesema, na mimi siwezi kujifanya sijasikia. Lazima BOM ikae."

BOM ni ile bodi ya shule. Akaniambia watauliza mambo mawili: kama mpishi abaki, na kama mtoto abaki. Akasema ingesaidia sana nikileta barua kutoka ofisi inayohusika, ionyeshe kwamba huu mchezo umeripotiwa mahali, kwamba si hadithi nimetunga kumtetea mtoto. Bodi ingekaa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Ofisi inayohusika ni ipi, mwalimu?"

"Hapo sijui. Uliza Lodwar."

Kabla ya kuondoka nilipita kwa Bwana Hassan, mwenye duka lililouza zile code. Sikwenda kugombana. Nilitaka kuelewa. Akanitolea kikaratasi kimoja, namba tupu.

"Mzee wangu, mimi nauza namba, kama credit. Anafanyia nini huko ndani, wallahi sijui."

Nikamweleza habari ya sanduku. Alisikiliza hadi mwisho, akaviweka vile vikaratasi mbali na mkono wake.

"Sasa hiyo ni kamari ama ni mchezo? Kwa sababu kama ni kamari, kwangu mimi ni haramu. Sitaki hata kuigusa."

"Ndiyo naenda kuuliza Lodwar."

"Basi ukirudi uniambie."

Kwa hiyo nikawa nimebeba maswali ya watu wawili.

Jumanne nilikuwa Lodwar mapema. Barua nilikuwa nimeiandika nyumbani kwa mkono wangu. Nilijua ofisini watu ni Kiingereza, lakini mimi Kiingereza changu ni cha kusalimia. Nikaandika Kiswahili, kifupi, ili nisipoteze muda wa mtu. Nakumbuka maneno kwa sababu nakala ninayo:

"Naripoti kwamba binti yangu wa miaka kumi na tatu amefungua masanduku zaidi ya kumi. Hakupata alichokuwa akitafuta ndani. Naomba ofisi izuie masanduku yasifunguliwe na watoto."

Ofisi ya kwanza ilikuwa ya mambo ya biashara na leseni. Kijana wa mapokezi akasoma. Akanitazama kichwa. Akasoma tena. Akasimama, akanipa kiti chake mwenyewe.

"Pole sana, mzee. Pole sana. Hii si ya hapa. Ngoja nikupeleke."

Akanishika mkono kama mgonjwa, akanivusha uwanja hadi ofisi nyingine. Nilifurahi. Nilisema moyoni, kumbe serikali ina huruma.

Huko kulikuwa na madam mmoja wa makamo. Kijana akamnong'oneza, akampa barua, akaondoka akitikisa kichwa. Madam akafunga mlango.

"Pole, baba. Marehemu alikuwa nani kwako?"

Nikashangaa amejuaje. Nikadhani ni kichwa. "Mke wangu."

"Alizikwa wapi?"

"Lorugum."

Akaandika. "Na sanduku lilifunguliwa lini?"

"Mara nyingi, madam. La mwisho juzi Jumapili, mbele yangu."

Kalamu yake ilisimama kidogo. "Mbele yako. Na hukumzuia?"

"Nilitaka kuona na mimi."

"Baba, ndani mlikuta nini?"

"Soksi."

Hakuandika.

"Mara nyingi ni soksi," nikaendelea, maana nilitaka kuwa mkweli. "Siku nyingine kofia. Mara moja viatu, lakini vya rangi asiyoipenda."

"Mtoto alikuwa peke yake?"

"Alikuwa na wenzake. Wengine wako Uganda, wengine hata hajui wako wapi."

"Na alitumia nini kulifungua?"

"Kidole."

Madam akaweka kalamu mezani. Akavua miwani. Akaniuliza polepole sana, "Baba, sanduku hili liko wapi sasa hivi?"

"Kwenye simu."

Wakuu, sisi huku sanduku ni sanduku. La nguo ni sanduku, na la kumzika mtu ni sanduku. Mtu amenyoa kichwa, analeta barua inayosema mtoto amefungua masanduku hakupata alichokuwa akitafuta, wewe ungemfikiria nini? Yule kijana alidhani binti yangu anafukua makaburi. Ndiyo maana alinipeleka ofisi ya afya ya umma.

Madam alipoelewa alicheka hadi akajifunika uso kwa faili. Kisha akaona kichwa changu tena, akaacha ghafla, akasema samahani baba, samahani sana. Nikamwambia asiombe samahani. Nilikuwa nacheka na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nilipojisikia nacheka nikaingiwa na hofu, kama mtu aliyefanya jambo baya, nikanyamaza.

Akanipa ushauri mmoja. "Baba, usiandike sanduku. Huku ofisini jina ndilo linalokuchagulia mlango. Andika kamari, urudi kulekule ulikotoka."

Nikaandika kamari. Nikarudi.

Yule kijana aliona aibu, akanipeleka kwa mkubwa wake. Mkubwa alikuwa mtu wa heshima, alinisikiliza vizuri.

"Huyo mtoto aliweka pesa?"

"Ndiyo."

"Akishinda anapata pesa?"

"Anapata soksi. Za kwenye simu. Hawezi kuzivaa wala kuziuza."

"Basi mzee, kwangu mimi si kamari. Kamari ni kuweka pesa upate pesa. Huyu amenunua kitu, amepata kitu."

Nikamwambia, "Mkubwa, nikienda dukani kununua sukari, mwenye duka haniambii nilipe kwanza, halafu afumbe macho achote chochote, sukari au chumvi."

Akacheka. "Hapo umesema. Lakini mimi sina fomu ya kuandika hilo."

Nikamkumbusha kwamba pale sokoni duka la kubeti halimruhusu mtoto kuingia. Akakubali, ni kweli, haliruhusu. "Lakini hili duka liko ndani ya simu. Mlango wake sijui anaulinda nani."

Alijaribu kunisaidia, sitamsingizia. Alipiga simu Nairobi mbele yangu, sauti nikaisikia. Mtu wa huko akasema mchezo wenyewe ni wa wale wanaokagua filamu na kusema ya umri gani. Lakini kuuza kupitia mtandao ni ya wale wa mawasiliano. Lakini bahati nasibu yoyote ni ya wale wa kamari. Lakini mtoto ni ya ofisi ya watoto. Nilihesabu "lakini" tatu.

Mkubwa akaniandikia zote kwenye karatasi. Tatu ziko Nairobi. Ya watoto ilikuwa hatua mia moja kutoka pale tulipokaa.

Nikaenda.

Afisa wa watoto alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mpole, lakini macho yake yalikuwa yanafanya kazi. Nilimweleza yote, na safari hii nilisema game. Hakucheka.

"Mama wa mtoto?"

"Alifariki."

"Wewe uko kazini saa ngapi?"

"Alfajiri hadi saa kumi jioni."

"Simu yake umeikagua mara ngapi?"

"Sijawahi."

Akaandika. Nilikuwa nimeenda kushtaki, na sasa nilikuwa najibu kama mshtakiwa.

Akageuza fomu nione. Akaweka kidole mahali pamoja. "Baba Akiru, hapa naandika aliyemkosea mtoto. Kuna mzazi, mlezi, mwalimu, jirani. Kampuni ya game sina mahali pa kuiandika. Nikifungua faili, lazima nichague mmoja kati ya hawa."

"Na usipofungua faili?"

"Basi sina barua ya kukupa. Utarudi na mikono mitupu."

Nikaipitia ile fomu. Mwalimu hajamkosea. Jirani hajamkosea. Mlezi hana.

"Andika mimi."

"Unaelewa maana yake? Nitakuja nyumbani kuangalia anavyoishi. Nikiona hali si salama naweza kupendekeza akae kwa bibi yake kwa muda."

"Barua nitapata?"

"Leo."

Wakuu, huenda mtasema nilikuwa mjinga. Huenda. Lakini ilikuwa kweli kwamba simu sikuikagua. Na mtoto angefukuzwa shule Ijumaa.

Mwalimu mkuu alisoma barua mara mbili. "Mzee, hii barua inakushtaki wewe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kuhusu mchezo imeandikwa mstari mmoja tu. Iliyobaki ni uzembe wa mzazi."

"Ndiyo."

Aliipeleka kwa bodi hivyohivyo. Uamuzi: Akiru anabaki shuleni. Mimi naendelea kupika, ila ufunguo wa stoo sasa anao mwalimu mwingine, na kila asubuhi nasimama mlangoni nikisubiri anifungulie. Mafuta nimeyarudisha. Kusimama kule mlangoni watoto wakipita kunanichoma, lakini ni haki.

Kwa Bwana Hassan nilienda pia, nilikuwa nimeahidi. Nikamwambia ofisi hazijakubaliana ni nini. Akafikiri, akasema, "Basi kama wao hawajui, mimi nitachukua upande wa woga." Siku hizi hauzi. Lakini duka la tatu kutoka kwake wanauza, na simu nayo inaweza kununua bila duka.

Sasa wasiwasi wangu wenyewe.

Afisa amepiga simu. Anakuja Alhamisi.

Jumamosi mchana tulikuwa tunachambua maharagwe na Akiru. Akaniuliza bila kuinua macho, "Baba, yule madam akiniuliza kwa nini nilifanya, nimjibu nini?"

"Mjibu ukweli."

"Wote?"

"Wote."

Akachambua kidogo. Kisha akasema, "Ukweli ni kwamba kule kwenye game hakuna mtu ananiambia pole. Hawajui. Wananiambia kimbia, ruka, umechelewa, wewe mbaya. Hapa kila mtu akiniona anaanza na pole. Hata walimu. Hata wewe ukinipa chakula unanitazama hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Hivyo unavyonitazama sasa."

Nikatazama maharagwe.

Akasema, "Nikimwambia hivyo atanipeleka kwa bibi?"

Sikumdanganya. Nikamwambia sijui.

"Lakini niseme?"

"Sema."

Hilo ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Mtoto aliingia mle akitafuta mahali pa kupumzika na msiba. Kukimbia na kuruka na wenzake wa Uganda, hilo sina ugomvi nalo, na simu sijamnyang'anya, naikagua tu kila jioni naye akiwa ameketi kando yangu. Ugomvi wangu ni na aliyekaa pale alipopumzika akamwekea kitu cha kulipia bila kujua amenunua nini, chenye mwanga wa kumshika pumzi.

Nilichojifunza ni kidogo. Kwanza, mzazi, ikague simu, hata kama aliyeiacha ni marehemu na unaogopa kuifungua. Mimi niliogopa sauti ya mke wangu iliyomo, nikamwacha mtoto peke yake nayo.

Pili, kuhusu ofisi. Sheria siijui, naongea kama mpishi. Naona wale wa kamari ndio walichukue sanduku lenyewe, kwa sababu nililiona kwa macho yangu na linashika vilevile, hata kama zawadi ni soksi. Wale wa filamu waseme ni la umri gani. Wale wa mawasiliano walinde mahali pesa inapopita. Lakini mzazi wa Kakuma asizungushwe kwa wote. Awe na mlango mmoja karibu, na huo naona ni wa ofisi ya watoto, ipewe nguvu ya kuwaandikia wale wengine na kudai jibu. Na kwenye fomu yao iongezwe sehemu moja tu: aliyeuza.

Labda nimekosea. Kuna anayesema serikali ikae mbali, mzazi atoshe. Mimi ni mzazi, na sikutosha. Kuna anayesema ofisi moja ikiachiwa yote italala. Hilo pia naliogopa.

Wakuu wenye kujua sheria, niambieni mngebisha mlango upi kwanza. Mliowahi kutembelewa na afisa wa watoto, niambieni anaangalia nini. Nyumba yangu ni chumba kimoja, ni safi, vitanda viwili, neti mbili, maji tunayo. Sijui kama hivyo vinatosha kwenye fomu.

Hata wa kunilaumu aandike, nitasoma yote. Ila mniandikie kabla ya Alhamisi.